Nilivyomtafuta Mkubwa wa Filamu Kakuma

Mwanangu, keti hapa karibu. Wewe nimekujua muda, na najua ukipewa neno la mtu huendi kulimwaga sokoni, kwa hivyo leo nitakusimulia mpaka ile sehemu inayoniaibisha. Umesema unataka kwenda kusomea mambo ya filamu. Ukaniuliza, kule kwa filamu mkubwa ni nani hasa? Swali hilo na mimi niliwahi kulibeba. Nililibeba karibu mwaka mzima, na jibu nililipata mahali ambapo sikutaka kulipata.

Kuna asubuhi moja ya mwaka wa 2012 ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Nilikuwa hapa Kanamkemer, kando ya mji wa Lodwar, nimeketi nje nasuka kikapu cha mkoma, nikaona mwalimu wetu wa masomo ya jioni anakuja mbio. Wakati huo nilikuwa mama wa watoto watatu, na kila jioni nikishapika nilichukua daftari nikaenda kusoma na wazee wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga ubao. Mwalimu akaniambia, "Mama Ekal, kuna watu wametoka Nairobi kutengeneza filamu. Wanataka mtu wa kutafsiri Kiturkana. Nimewaambia ni wewe."

Nilicheka. Mimi? Lakini moyoni nilimshukuru Mungu papo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeomba kazi ambayo haitanichubua vidole.

Walikuwa wanne. Mutua ndiye dairekta. Alikuwa na kofia, na kiti chake cha kukunja ambacho hakuna mtu mwingine alikalia. Baraka alikuwa wa sauti, ana vifaa vya kusikilizia masikioni kutwa nzima mpaka nikafikiri analala navyo. Kulikuwa na mtu wa kamera, ambaye hakuongea sana. Na Rehema, prodyusa, mwanamke wa umri kama wangu, alikaa ndani ya gari na simu na makaratasi, anakula tende.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikienda kwa nyumba ya watu lazima nijue nani anaamua hapo. Kwa hivyo siku ya kwanza, tukipiga picha sokoni Lodwar, nikaanza kuchunguza. Mkubwa ni nani? Nikasema ni Mutua, kwa sababu ndiye anapiga kelele. Akisema anza, wanaanza. Akisema kata, wanakata.

Halafu Baraka akainua kidole. Kimoja tu. Mutua mwenyewe akanyamaza katikati ya sentensi. "Nini?" akauliza.

"Punda," Baraka akasema.

Kweli kulikuwa na punda nyuma ya vibanda analia. Tulimngojea. Dairekta, kamera, watu wote wa soko, tumesimama jua linatupiga, tunangojea punda amalize. Alipomaliza, Mutua akasema anza, na punda akaanza tena. Nikamuuliza Baraka, "Kwa hivyo mkubwa wa hii filamu ni wewe ama ni punda?"

Akacheka. "Leo ni punda, mathe. Mimi ni naibu wake."

Kesho yake nikaona yule wa kamera amesema maneno mawili, "Betri imeisha," na wote wakaketi chini kama watoto walioambiwa shule imefungwa. Nikabadilisha mawazo. Siku ya tatu Rehema akafungua mlango wa gari akasema, "Kesho tunaenda Kakuma," na Mutua ambaye alitaka kubaki Lodwar akaanza kukunja kiti chake bila kubisha. Nikabadilisha tena. Nilikuwa nahesabu wakubwa kama mtu anayehesabu mbuzi wanaokimbia.

Kumbuka, katika hesabu hiyo yote sikuwahi kujihesabu mimi.

Tukaenda Kakuma. Filamu yenyewe haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya wanawake wawili wa kweli. Mmoja ni Mama Asinyen, mzee wetu wa Kiturkana, anaishi nje ya kambi ya wakimbizi, miaka mingi analeta kuni ndani. Mwingine ni Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ana duka dogo la mabati ndani ya kambi, anauza maharagwe na sukari. Walianza kwa kubadilishana kuni na unga, wakaishia kuwa kama ndugu. Wanaongea lugha yao wenyewe, kidogo Kiturkana, kidogo Kiarabu cha Juba, Kiswahili kimejaza mashimo.

Na pale dukani kulikuwa na Akiru, binti wa Mama Asinyen. Huyu mshike vizuri, kwa sababu hadithi yote iko kwake. Akiru alikuwa ameolewa upande wa Namoruputh, mume akafariki. Ndugu ya mume akasema huyu mwanamke sasa ni wangu. Akiru akakataa. Yule mwanamume alishamfuata mara moja na fimbo, akamvunja mkono. Mama yake akamtoa kwa siri akamleta kwa Mama Achol, na ndugu ya mume hakujua aliko. Mimi nilijua. Mama Asinyen aliniambia siku ya kwanza, kwa sababu nilimsalimia ejok na nikamwambia mimi ni wa ukoo gani, akaniona ni mtoto wa nyumbani. Wale wa Nairobi hawakujua. Waliona tu msichana mzuri anapima maharagwe, mwanga umeingia kwa tundu la bati ukamwangukia usoni, na mtu wa kamera akasahau hata kunywa maji.

Siku ya kazi kubwa, Mama Asinyen aliketi mbele ya duka. Kamera imewekwa. Kabla ya kuulizwa lolote, akaanza kuomba.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu wewe umekulia mjini. Kwetu, mtu akikupenda anakuomba. Anakuomba hata kitu ambacho anajua huwezi kumpa. Nipe hiyo shuka. Nipe huyo mbuzi. Akikuomba amekuambia wewe ni wangu, mimi na wewe hatuna ukuta. Ni yule ambaye hakutaki ndiye hakuombi chochote. Mgeni akisikia anafikiri ni njaa. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimeanza kusikia kama mgeni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nimefunga kitambaa changu cha kanisani cha buluu, nina kalamu mfukoni. Nikaona aibu.

Mama Asinyen alimwangalia Mutua akasema kwa Kiturkana, "Nipe tumbaku. Nipe hiyo kofia. Nipe hicho kiti unakalia, mimi ni mzee, wewe una magoti mazima."

Mama Achol akacheka kutoka ndani. "Wewe Asinyen! Ndoo yangu umeiomba tangu tujuane, leo umenihama?"

"Ndoo nayo bado naitaka," akamjibu. Kisha akageuka, na sauti yake ikashuka kidogo. "Na unipe uso wa huyu binti yangu. Chukua wangu, umezeeka, hauna wa kuutafuta. Wa Akiru ubaki hapa hapa. Watu wa Namoruputh wasiuone."

Mutua akaniangalia. "Anasema nini?"

Baraka alikuwa ameinua kidole, ndege ya kambi inakuja kwa mbali. Jua linaenda. Wote wananiangalia mimi. Nikafikiria, nitaanzaje kumwambia huyu mtu wa Nairobi kwamba mama yetu ameomba tumbaku na kofia na kiti? Ile ya uso nilisikia. Sitakudanganya kwamba sikusikia. Lakini ilikuwa ndani ya kifurushi kimoja na tumbaku, na mimi niliona aibu ya kukifungua mbele ya watu. Nikasema nitamwambia baadaye.

Nikasema, "Anasema karibuni sana. Amefurahi mmekuja."

Mutua akafurahi. "Mwambie asante." Ndege ikapita, wakaanza.

Baadaye yenyewe ilikuja na karatasi. Rehema alishuka kwa gari na karatasi za ruhusa, za kuweka kidole gumba. Zilikuwa ndefu, za Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha jioni. Nikawasomea juu juu. Mama Asinyen akauliza, "Ile niliomba iko humo?" Nikamwambia, "Kila kitu kiko sawa, mama." Akaweka kidole. Akiru akamwangalia mama yake, akaweka kidole. Chini yao mimi nikaandika jina langu, kwamba nimewatafsiria yote. Niliandika kwa mwandiko mzuri sana. Nilijivunia. Hata karatasi za tafsiri ya maneno yote ya siku ile niliziandika mimi, na pale alipoomba nikaandika "karibuni sana."

Tukiwa njiani kurudi Lodwar nikamwambia Mutua, "Yule mama hakutaka sana msichana aonekane." Nilisema hivyo, kwa nusu mdomo, gari linaruka kwenye makorongo. Akasema, "Sawa, sawa, tutaangalia." Nikaona nimemwambia mkubwa, nimemaliza. Rehema akaniahidi kazi nyingine, ya miezi sita, nitafsiri filamu zao zote za upande huu. Nililala usingizi mtamu.

Mwaka wa 2013 Mutua akanipigia simu. "Mama Ekal, filamu imeisha! Tunaionyesha Lodwar kwanza, ukumbi wa kanisa, tumealika wazee kutoka kila mahali, Kapedo, Namoruputh, kila mahali. Na ujue ni nini inaliza watu huku? Ule uso wa Akiru. Umejaza skrini yote."

Nilikuwa napika ugali. Uliungua, na sikuuona ukiungua.

Nilipanda gari kesho yake nikaenda Kakuma. Sikujua nitasema nini, lakini nilijua siwezi kumwacha Mama Asinyen asikie kwa mtu mwingine. Nilimkuta anafunga kuni. Nikamweleza yote, kuanzia ile "karibuni sana." Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Akasema, "Mtoto wangu, nilikupa mdomo wangu unipelekee mahali sifiki. Ukaula njiani."

Nikaanza kulia. Akaendelea kufunga kuni.

"Hao wageni sina ugomvi nao," akasema. "Wao walichukua ulichowapa."

Nikaketi pale mpaka saa saba mchana. Aliniletea maji ya kunywa kama mgeni. Na nilipoinuka kwenda, mwanangu, hakuniomba kitu. Hakuomba tumbaku. Hakuomba hata sindano. Nilitembea mpaka barabarani nikigeuka nyuma, nikingojea aniite aniombe chochote. Hakuita.

Hapo ndipo nilianza kumtafuta mkubwa kwa kweli, sio kwa mchezo. Nikampigia Mutua. Nikamwambia toa uso wa Akiru. Akashtuka, akahuzunika, ni mtu mzuri. Lakini akasema, "Mimi nilishamaliza yangu. Sasa filamu iko kwa mhariri, yule anayekata na kuunganisha." Akanipa namba. Mhariri akasema, "Mama, mimi nakata kulingana na karatasi ya tafsiri. Karatasi inasema wamekubali. Bila prodyusa sigusi." Nikamuuliza kwani Mutua si ndiye mkubwa? Akacheka kwa uchovu, "Kila mtu anaulizanga hivyo."

Rehema alikuja Lodwar wiki moja kabla ya filamu kuonyeshwa, kutayarisha ukumbi. Nilimfuata kwa nyumba ya wageni alikofikia. Alikuwa na tende zake mezani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliposikia habari ya ule mkono uliovunjwa, akasukuma tende kando.

Akatoa faili. Akaweka mbele yangu karatasi za tafsiri, moja baada ya nyingine. "Mama Ekal, soma huu mwandiko ni wa nani."

Ulikuwa wangu.

"Unajua nani aliweka uso wa Akiru kwenye filamu?" akauliza. "Mimi sijui Kiturkana. Mutua hajui. Mhariri hajui. Mutua alipiga picha kwa sababu ulimwambia karibuni. Mimi nilisaini kwa sababu ulisaini. Mhariri alikata kwa kufuata karatasi yako. Sote tulikuwa tunakufuata wewe, na wewe ulikuwa unatuangalia sisi."

Nilikumbuka vile nilivyokuwa nahesabu wakubwa sokoni, Mutua, Baraka, betri, punda. Kumbe walipokuwa wananiangalia wote siku ile mbele ya duka, ndege inakuja, nilikuwa na filamu nzima mkononi. Nami nikaitumia kuficha aibu yangu.

Nikamuuliza, "Sasa itatokaje?"

"Kwa mlango ilioingilia," akasema. "Andika. Andika alichosema, neno kwa neno, na uandike kwamba hukutuambia. Nikipata hiyo karatasi, mhariri anabadilisha hata kesho. Bila hiyo, kwa wakubwa wangu itakuwa ni mimi nimeharibu filamu yao bila sababu." Akarudisha karatasi kwenye faili. "Lakini ujue wataiona. Ile kazi ya miezi sita sitaweza kuitetea."

Niliomba dakika chache. Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta nikasali. Nitakuambia ukweli wa sala hiyo, maana watu huniona mama wa kanisa wakafikiri sala zangu zote ni nyeupe. Niliomba kwanza Mungu anionyeshe njia nyingine. Ada ya shule ya Ekal wangu ilikuwa ndani ya kazi ile. Nikangoja. Haikuja njia nyingine. Ilikuja tu picha ya Mama Asinyen akifunga kuni bila kuniangalia. Nikarudi ndani nikaomba kalamu.

Niliandika kurasa mbili. Rehema akasoma, akainua macho. "Hapa umeandika ameomba kofia na kiti."

"Ndiyo."

"Na ndoo ya Mama Achol?"

"Yote," nikasema. "Safari hii siachi kitu."

Alitaka kucheka, akaona nalia, akanisogezea tende.

Siku ya kuonyesha filamu ilikuwa mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi, joto la kukaanga mayai. Mama Asinyen alikuja na Mama Achol kwa gari la Rehema. Akiru alibaki. Safu ya pili aliketi yule ndugu ya mume kutoka Namoruputh, miguu ameikunja, anakula mandazi ya kanisa. Nilimjua kwa sababu mtu wa kwao alimwita jina. Nikashika benchi.

Kuni zikaja kwenye skrini. Mama Asinyen akaja, watu wakapiga vigelegele. Ikafika ile ya duka. Nikafumba macho, kisha nikafumbua. Mwanga ulikuwa uleule wa tundu la bati. Lakini kamera ilikuwa chini. Ilionyesha mikono tu, mikono ya mwanamke inapima maharagwe, yanamwagika ndani ya bakuli kama mvua kidogo. Hakuna uso. Hakuna jina. Hata jina la duka lilikuwa limeondolewa. Yule mwanamume akakung'uta makombo ya mandazi mapajani, akapiga miayo.

Mutua alikuwa amesimama nyuma. Nilienda kumwomba msamaha, kwa sababu ule uso ndio alioupenda kuliko vyote. Akasema polepole, "Unajua, Mama Ekal, ni nzuri hivi. Inakufanya umtafute." Akavua kofia yake akaenda akamwekea Mama Asinyen kichwani. Alikuwa ameisoma karatasi yangu.

Watu walipotoka, nilikaa mbali. Sikutaka kumsogelea mama kwa nguvu. Yeye akaja mwenyewe, na kofia ya Nairobi kichwani, akasimama mbele yangu.

"Ile mikono naijua," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaniangalia kutoka viatu mpaka juu. Nilikuwa nimefunga kile kitambaa changu cha buluu, cha kanisani, ambacho nilikipenda sana.

"Nipe hicho kitambaa," akasema.

Nilikifungua haraka mpaka nikajivuta nywele. Nikampa. Akakikunja akakitia kifuani bila kusema asante, kwa sababu kwa mtu wako husemi asante. Nikatembea kwa miguu mpaka Kanamkemer kichwa wazi, mama wa kanisa mzima, na majirani wananiuliza kama nimeibiwa. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani.

Ile kazi ya miezi sita walipewa watu wengine. Nilirudi kwa vikapu vyangu, na Ekal akasoma kwa vikapu.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukifika huko kwa filamu, kiti cha dairekta utakiona, na gari la prodyusa utaliona, na utawaheshimu wote, hiyo ni adabu. Lakini jiulize kila siku, leo ni nani hapa ambaye wengine hawawezi kuhakikisha neno lake, lazima wamwamini tu? Huyo ndiye ameshika kazi. Anaweza kuwa anayeandika, anayetafsiri, anayekata, hata anayemshikilia mtu mkono akiweka kidole gumba. Anaweza kuwa wewe, siku ambayo unajiona mdogo kuliko wote. Ukiwa wewe, peleka neno lote. Na likikupa aibu, lipeleke na aibu yake. Na ukishakosea usimtafute mkubwa wa kukutolea kosa. Nenda kwanza kwa uliyemkosea, kisha chukua kalamu.

Mungu akutangulie huko uendako. Akuj, ndiye Mungu kwa lugha yetu, akupe masikio ya kusikia mpaka neno la mwisho, na ulimi usioona haya ya kwenu. Akurudishe salama, na ukirudi wakuombe vitu mpaka uchoke.

Na hadithi hii usikae nayo. Mpe mwingine, hasa wale wenzako wanaopenda kamera. Lakini ukimsimulia, tafadhali, usiruke pale niliposema "karibuni sana." Mpelekee yote.